Daftari Lililoning'inia Msumarini

Ung'ongo ni utepe mwembamba wa jani la mkindu, ule ambao wasusi husukia mikeka na vikapu. Hauna meno, hauna sumu, hauna hata haraka. Ukidondoka sakafuni hulala pale pale. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuumwa na nyoka akiuona ghafla miguuni pake huruka, na watu waliopo humcheka. Si haki kumcheka, maana mguu wake unakumbuka jambo ambalo miguu yao haijalionja. Ila mwenye kuruka kwa hofu haangalii anakotua, na hapo ndipo ilipoanzia balaa ya fundi mmoja wa friji ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi.

Baridi alikuwa mgane wa miaka arobaini na ushei, mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya mabati. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana. Humo mlikuwa na friji nne au tano zilizovuliwa milango, mitungi ya gesi, vikopo vya skurubu, mipira ya milango iliyotundikwa ukutani, na nyuma ya mlango sweta la kijani la marehemu mkewe ambalo hakuna aliyethubutu kuliondoa. Aliishi na dada yake mkubwa, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na mkono mwepesi wa kusaidia, pamoja na bintiye wa pekee, msichana wa miaka kumi na minne. Msichana huyo walimbandika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Baba yake alizoea kusema kwamba kinywa cha Chiriku ndicho chombo pekee nyumbani kilichofanya kazi bila umeme.

Kazi ya Baridi ilikuwa ya masikio kuliko ya mikono. Alijifunza kwa mafundi wa zamani, ambao hawakufungua friji kabla ya kuisikiliza. Ncha ya bisibisi huwekwa juu ya kompresa, yaani mota inayosukuma gesi, na mpini hukazwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hapo mashine husema kila kinachoiuma. Tatizo ni kwamba sikio la kulia la Baridi lilikufa tangu ujana wake, mtungi wa gesi ulipopasuka karibu naye, na la kushoto nalo lilikuwa likififia mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tangu Chiriku alipokuwa na miaka minane, yeye ndiye aliyekuwa sikio la karakana. Mtoto huyo alizaliwa na masikio ya ajabu, na hakukuwa na friji iliyoweza kumdanganya.

"Haya, daktari, mgonjwa anasemaje?" Baridi angeuliza.

Chiriku angefumba macho, bisibisi nyuma ya sikio, kisha angenyamaza. Huo ndio ulikuwa wakati pekee wa siku aliponyamaza. "Anakoroma, Baba. Lakini mota ni nzima. Kuna kitu kimelegea huku chini, kinagongagonga kama meno ya mtu anayetetemeka."

"Wacha wee! Na mimi nilishataka kumpasua."

"Wewe kila mgonjwa unataka kumpasua," Chiriku angejibu, na wote wawili wangecheka mpaka shangazi atoe kichwa jikoni kuuliza kama friji zimeanza kusimulia vichekesho.

Siku moja Chiriku alirudi kutoka shuleni na karatasi. Zahanati ilikuwa inaleta chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba, na mzazi alitakiwa kutia saini ya kukubali. Baridi alisoma karatasi ile mara mbili, akavuta droo ya skurubu, akaitumbukiza humo, akaifunga droo.

"Hiyo droo ndiyo itakayotia saini?" shangazi akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kiuno.

"Dada, mwanangu hachomwi sindano."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu, hiyo ni sauti tu. Tangu mwaka wa barakoa umekuwa mtu wa kushtukia kila kitu. Mkeo alikufa kwa ugonjwa, mdogo wangu. Sote tulimwona."

"Alikufa siku kumi na moja baada ya kuchomwa. Hilo nalo sote tulilihesabu." Baridi akainama juu ya friji iliyokuwa mbele yake, na shangazi akajua kwamba mazungumzo yamekwisha. Alisonya, akarudi jikoni kwake.

Kulikuwa na jambo ambalo shangazi hakulijua, wala hakulijua mtu yeyote. Kwamba Baridi ndiye aliyekuwa fundi wa friji ya zahanati, ile iliyotunza chanjo, kila mtu alijua; yaliyotokea humo hawakuyajua. Katika mwaka wa barakoa, maduka yakiwa yamefungwa na vipuri vikiwa adimu kama maziwa ya kuku, friji ile iliharibika thamostati, kile kidude kinachoiamuru iwake na izime. Baridi alichomoa thamostati kuukuu kwenye friji chakavu, akaifunga, akaomba Mungu. Haikudumu. Jumatatu moja muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, alimwita mbio mbio. Baridi alipofungua mlango wa friji, kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nane, na dawa zile hazitakiwi kuvuka nane. Sista alimwambia tu, "Tengeneza, Fundi, hayo mengine niachie mimi." Alitengeneza na kuondoka bila kuuliza lile boksi la dawa limeishia wapi. Alhamisi ya wiki ile ile mkewe alichomwa sindano ya chanjo kwenye zahanati ile ile. Siku ya kumi na moja wakamzika, watu wachache, wamesimama mbali mbali, nyuso zimefunikwa.

Tangu siku hiyo Baridi alibeba donge kifuani. Mchana alisema kwamba sindano ndiyo iliyomuua mkewe. Akiwa peke yake alijiambia neno baya zaidi: kwamba dawa ilichacha kwa ajili ya kidude chake kibovu, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomuua. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda zahanati kuikagua friji ile. Ukutani, ubavuni mwa friji, palikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia daftari la friji, ambamo wauguzi waliandika joto la asubuhi na la jioni pamoja na kila kilichoingia na kutoka. Ili kuufikia waya wa umeme ilimlazimu alisukume daftari hilo kwa bega. Alilisukuma kwa miaka mitatu, wala hakulifungua hata mara moja.

Wiki iliyofuata wazazi waliitwa shuleni. Walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamewafika kifuani, na Sista akaeleza ugonjwa ulivyo na chanjo ilivyo. Alieleza vizuri, polepole, bila kumtisha mtu. Alipomaliza, dereva mmoja wa lori alisimama.

"Sista, mimi sikatai dawa. Ila mwaka ule mlituambia sindano moja, ikawa mbili, ikawa na nyongeza. Wengine walikufa na zote wamechomwa. Leo mmetugeukia kwa watoto. Tuwaamini vipi?"

Wengine walipiga makofi. Mama mmoja akasema yeye alimchanja mwanawe wa kwanza na hajaota pembe, watu wakacheka. Ndipo mwokaji mikate akainua mkono. Alikuwa mwanamke mnyenyekevu, bado ana unga kwenye mikunjo ya mikono, na binti yake alikaa dawati moja na Chiriku tangu darasa la kwanza.

"Mimi sijui mambo ya dawa," alisema. "Nilikuwa nataka tu mtu anayejua aniambie. Fundi Baridi, wewe ndiye unayetengeneza friji yao. Zile dawa ziko salama?"

Macho yote yalimgeukia. Laiti angesema hajui! Laiti angesema kwamba siku zote hizi thamostati ni mpya na kipimajoto kinasoma nne, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu! Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa hofu iliyovaa nguo za ushahidi.

"Ninachoweza kusema ni hiki," alijibu kwa sauti ndogo. "Mwaka wa barakoa nilifungua friji ile kwa mkono wangu, nikakuta nyuzi kumi na nane. Mke wangu alichomwa wiki hiyo hiyo. Wenyewe mnajua aliko. Mwanangu sitampeleka."

Hakusema kidude kibovu kilifungwa na nani. Mwokaji alikunja fomu yake mara nne, akaitia ndani ya mkoba, akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayeshukuru. Sista alisogea mbele. "Fundi, hebu baki kidogo tuongee," alisema. Baridi alikwisha kuinuka, na alitoka bila kugeuka nyuma. Siku iliyofuata fomu zilizorudi na saini hazikufika nusu.

Siku ya watoto kuletwa zahanati kuchanjwa ilipofika, mambo yalitaka kumpa nafasi nyingine. Asubuhi Sista alimwita kwa sababu mpira wa mlango wa friji ulikuwa umelegea. Baridi alikwenda, akaubadilisha, akahakikisha baridi haivuji hata chembe. Alikuwa mtu wa kazi safi. Watoto wa wenzake wasingedungwa dawa mbovu kwa uzembe wake mara ya pili. Alipokuwa amepiga magoti akichungulia miguu ya friji, alisikia mtu amesimama nyuma yake. Alikuwa Chiriku, amevaa sare, ameshika ile fomu. Alikuwa ameitoa kwenye droo ya skurubu, na ilikuwa na alama ya duara la mafuta.

"Baba, wenzangu wako kwenye foleni. Weka tu jina lako hapa chini."

"Rudi darasani, mama."

"Baba, nimesoma kuhusu huo ugonjwa. Unaingia kichwani. Mimi nautaka uzima wangu, sitaki..."

"Nimesema rudi darasani."

Kwa mara ya kwanza Chiriku hakuwa na maneno mengi. Alimtazama baba yake, akaitazama friji, akasema, "Si umeitengeneza wewe mwenyewe? Leo, kwa mikono yako. Sasa mbona huiamini?"

Baridi aliichukua karatasi mkononi mwa bintiye. Mguu mmoja wa friji ulikuwa haugusi sakafu, na mashine isiyosimama sawasawa hutetemeka na kujiua mapema. Akaikunja fomu ile, mkunjo juu ya mkunjo, akaisokomeza chini ya mguu. Friji ikatulia. Chiriku alitazama mpaka mwisho, kisha akaenda zake, akipita kando ya foleni ya wenzake bila kumsemesha mtu.

Sista alikuwa ameona yote. "Fundi," alisema, "kuhusu wiki ile ya mwaka ule, kuna jambo nilitaka..."

"Kazi imekwisha, Sista," Baridi akasema. Akakusanya vyombo vyake na kuondoka, bega lake likalisukuma daftari, nalo likabaki linayumba msumarini.

Miezi miwili ilipita. Ukafika wakati wa upepo mkavu, vumbi likatanda mitaani na kila mtu akawa anakohoa. Jumanne binti wa mwokaji alirudi nyumbani akilalamika kichwa. Jumatano mchana alikuwa amekufa, hata kabla watu hawajajua ugonjwa wenyewe unaitwaje. Habari zilipofika karakana Baridi alikuwa ameshika koleo, ikamponyoka ikaanguka mguuni, wala hakuhisi.

Chiriku alilia mchana kutwa. Asubuhi ya Ijumaa hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Shingo ilikuwa ngumu kama mti, mwanga wa dirisha ulimchoma macho, na alikuwa akiongea maneno yasiyo na kichwa wala mguu. Shangazi alimgusa paji la uso, akapiga kelele moja tu. Mteja aliyekuwa ameleta friji yake aliishusha njiani, wakampakia mtoto kwenye pikapu yake, wakaenda hospitali kuu.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, hajalala vizuri kwa siku kadhaa. Watoto saba wa shule ile walikuwa wodini. "Amechanjwa?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Hapana," Baridi akajibu.

Daktari aliandika. Hakulaumu, hakutikisa kichwa, aliandika tu, akaenda kwa mtoto mwingine. Afadhali angemtukana.

Siku tisa Baridi alikaa kwenye benchi la chuma pembeni mwa kitanda. Alijifunza sauti za wodi kwa kiasi ambacho sikio lake lilimruhusu: magurudumu ya toroli, feni ya darini yenye kilio katika kila mzunguko, mlango usiofunga vizuri. Alijisemea kwamba Chiriku akiamka atamwambia feni ile ina ugonjwa gani. Kwa siku zote tisa aliishikilia feni hiyo kama mtu aliyekamata jani mtoni. Mungu wangu, alisema moyoni, niachie huyu tu, mengine yote chukua.

Siku ya kumi, saa nne ya asubuhi, Chiriku alifumbua macho. Homa ilikuwa imeshuka. Shangazi aliruka kutoka kwenye benchi, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti iliyofika hadi wodi ya pili. Baridi aliushika mkono wa bintiye, akasema jina lake mara nyingi.

Chiriku aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona mnanong'ona?" akauliza. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi.

"Hatunong'oni, mama," shangazi akasema. "Ni furaha tu hii."

"Ongeeni kwa sauti. Mnachezesha midomo tu. Na hiyo feni mmeizima ya nini? Joto."

Baridi aliinua macho darini. Feni ilikuwa inazunguka, na inalia. Alitia mkono mfukoni, akatoa bisibisi, ile ambayo haikumtoka hata siku moja, akagonga chuma cha kitanda nyuma ya kichwa cha Chiriku. Akagonga tena kwa nguvu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alishtuka, muuguzi akageuka kwa hasira. Chiriku hakupepesa hata ukope. Aliendelea kumtazama baba yake, akisubiri ajibiwe.

Madaktari walisema ugonjwa umekula mishipa ya kusikia, masikio yote mawili, na kwamba kilichokwenda hakitarudi. Walisema pia kwamba ana bahati. Kati ya wale saba, watatu walikuwa wamezikwa.

Chiriku aliporudi nyumbani, Baridi alikwenda zahanati bila kuitwa. Alimkuta Sista anaandika, akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Sista, lile boksi la mwaka wa barakoa, la zile nyuzi kumi na nane, ulilifanya nini?"

Sista alisimama, akaenda kwenye friji, akalitoa daftari msumarini, akafunua kurasa nyuma, nyuma zaidi, akamwekea kidole. Maandishi yalikuwa ya kalamu ya buluu, yamefifia kidogo. *Jumatatu. Nyuzi 18. Dozi zote zimeondolewa na kuharibiwa. Jumatano: dozi mpya zimepokelewa, nyuzi 4.* Chini yake palikuwa na saini mbili.

"Mkeo alichomwa Alhamisi, dawa iliyokuja Jumatano," Sista akasema. "Na siku ile alikuja akitoka moja kwa moja kumuuguza mama yake, aliyekuwa na ugonjwa huo huo, wiki nzima amekaa naye chumba kimoja. Ugonjwa ulikwisha kumtangulia, Fundi. Sindano ilichelewa tu. Haikumuua. Wala wewe hukumuua."

Baridi alisoma mistari ile tena na tena, kana kwamba ingebadilika. "Hili daftari lilikuwa wapi siku zote?"

"Hapo hapo. Lilikuwa linakugusa bega."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuita shuleni, ukaondoka. Nilikuita hapa, ukaondoka." Sista akashusha macho. "Na mimi nimekosa. Ningekufuata hadi nyumbani kwako."

Baridi alipiga magoti. Sista alidhani ameishiwa nguvu, akasogea amshike, lakini fundi alikuwa ananyoosha mkono chini ya friji. Akaichomoa fomu. Ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba na ngumu, ila jina la mtoto lilisomeka, na mahali pa saini palikuwa peupe. Friji ikaanza kutetemeka taratibu.

Shule iliwaita wazazi tena, maana chanjo ilikuwa inarudi. Baridi alisimama kabla hajaulizwa, akasema yote: thamostati kuukuu, boksi lililotupwa, daftari ambalo hakulifungua. "Mliniamini kwa sababu mimi ni fundi," alisema. "Siku ile sikuwa fundi. Nilikuwa mtu mwoga." Dereva wa lori aliinamisha kichwa, akaomba kalamu. Mwokaji mikate alikuwa amesimama mlangoni, ingawa hakuwa tena na mtoto wa kuitiwa mkutano. Hakupiga kelele.

"Mimi sikumuuliza Sista," alisema. "Nilikuuliza wewe." Akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaenda zake. Baridi alibaki amesimama. Siku hiyo kila fomu ilitiwa saini, na hata moja haikumpunguzia mzigo wake.

Siku chache baadaye mteja alileta friji karakana. Chiriku alitoka chumbani, akaichukua bisibisi kwa mazoea, akaweka ncha juu ya kompresa na mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Baridi alitaka kumzuia, akakosa ujasiri. Msichana alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha alifumbua macho, akaiweka bisibisi chini polepole, akaweka kiganja chake juu ya mota.

"Inatetemeka, Baba," alisema kwa ile sauti yake mpya, kubwa na isiyo na mawimbi. "Zaidi ya hapo sijui."

Shangazi alitoa kichwa jikoni, akakirudisha. Baridi aliiokota bisibisi, akaibana kwenye sikio lake la kushoto, akasikia mvumo wa mbali usiomwambia kitu. Baba na binti waliinama pamoja juu ya mashine iliyokuwa ikinguruma chumba kizima, na hakuna kati yao aliyeweza kusema inaumwa nini. Nyoka aliyemuuma Baridi alikuwa nyoka wa kweli, na hakuna anayeweza kumnyima maumivu yake. Lakini alichokiruka siku ile mbele ya wazazi wenzake kilikuwa utepe wa mkindu tu, na mahali alipotua ndipo nyoka mwingine alipokuwa amejikunja. Kweli waliosema hawakukosea: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.